Kichupa cha Maji Matupu

"Haya, dada wa popo, niambie," mwalimu mkuu alisema kwenye simu. "Minyoo inayowaumiza watoto wangu ndiyo ya popo wa darini? Watu wa sumu wameshapanda ngazi, wananingoja mimi tu."

Nilitazama picha ya vinasaba vya minyoo, pale maabara. Minyoo ya popo haikufanana hata kidogo na ya watoto. Popo wangu walikuwa wamenusurika.

Ila kwenye safu ya mwisho, ya kichupa cha maji matupu nilichokiweka ili kuhakiki kipimo, ambapo hapakupaswa kuonekana kitu, uling'aa mstari mwembamba. Uchafu ulikuwa umeingia mahali fulani. Kipimo chote hakikuaminika.

"Dada? Au popo wamekumeza?"

Nilifuta kiganja kwenye koti jeupe.

"Mwalimu," nikasema, "bado sijui."