Mzuzu Hataki Kusafiri

Safari hii Mwanakombo alikuja uwanja wa ndege na dagaa wa kukaanga, maana Mzuzu, paka wake, alishamkosesha ndege mara mbili. Siku hizi mnyama hapandi ndege mpaka aulizwe na mashine kama anataka, na akikataa, mwenye mnyama naye haondoki.

Karani alimtoa Mzuzu kikapuni, akamvisha mkanda wa mashine shingoni. Mzuzu akamaliza dagaa wote, akajilamba masharubu, na maneno yakatokea kwenye skrini: Sitaki.

“Mnafiki mkubwa wewe,” Mwanakombo alisema. “Mume wangu yuko Mwanza, ananingoja na hasira zake, na mimi nimekwama hapa kwa ajili ya paka. Kaka, hebu mwulize basi, ana shida gani?”

Karani akabonyeza. Skrini ilikawia kidogo, kisha ikaandika: Huko yuko yule anayempiga mama.

Mwanakombo akavuta mtandio kufunika shingo, akacheka kidogo. “Mashine zenu mbovu. Paka anajua nini?”

Karani aliutazama ule mtandio, kisha akainamisha macho. Alimrudisha Mzuzu kikapuni taratibu, akakiweka kikapu upande wake wa kaunta.

“Mnyama akitoa sababu kama hiyo, dada, tunamhifadhi sisi. Hatumpeleki kwa mtu wa namna hiyo.” Akamsogezea Mwanakombo tiketi yake. “Wewe sasa unaweza kupita. Sheria inatutaka tuwaulize wanyama tu.”