Mpiga Solo wa Mitwero Jazz

"Simu nitakutunzia mimi," Issa alisema, akaizima na kuitumbukiza mfukoni mwa kanzu yake. "Leo nataka kichwa chako kiwe kwenye gitaa tu."

Nikodemo, mpiga solo wake, alitikisa kichwa kukubali shingo upande. Kiongozi wa bendi habishiwi.

Ilikuwa asubuhi ya Idi Pili, na alasiri Mitwero Jazz ilitakiwa kupiga dansi kubwa kuliko yote ya mwaka mjini Lindi. Wakiharibu leo, mwenye ukumbi angewapa wengine nafasi yao, na bendi aliyoihangaikia Issa ujana wake wote ingekufa. Usingizi ulimpaa tangu aliposikia kwamba watu wa bendi moja ya Mtwara wameonekana mjini wakiwanunulia wanamuziki soda. Walikuja kuiba. Na bendi ikiibiwa, wa kwanza kuibwa ni mpiga solo; wengine humfuata. Kila mtu wa dansi anajua hivyo.

Tena dalili alikuwa nazo. Siku hizi mbili Nikodemo alikuwa hashikiki: simu sikioni, sauti ya chini, akitokea mtu anageukia ukutani. Juzi Issa alimkuta nyuma ya ukumbi akinong'ona na wapuliza tarumbeta. Jana, na mpiga besi. Anawachota mmoja mmoja, Issa akawaza, na roho ikamuuma, maana gitaa alimfundisha yeye mwenyewe.

Hakumgombeza. Alimpakia kwenye bodaboda, wakaenda mpaka Mchinga kutafuta ngozi ya tumba, ngozi ambayo hata haikuhitajika. Akampitisha kwa shemeji yake, wakala pilau. Akampitisha kwa mjomba, wakala tena.

"Mzee Issa, tutachelewa," Nikodemo alisema. Mguu wake haukutulia mkekani. "Nipe simu nipige mara moja tu. Wenzangu wananisubiri."

"Wenzako gani?"

"Wenzangu tu, mzee."

"Kula pilau."

Issa naye hakuwa na raha. Kila pikipiki iliyopita alinyanyuka kuchungulia barabarani. Lakini moyoni alijisifu: wajanja wa Mtwara leo wamempata mjanja mwenzao.

Waliporudi Lindi, jua lilikuwa limepunguza ukali. Nje ya ukumbi watu walijaa na nguo zao za sikukuu, wakinung'unika. Jukwaani hapakuwa na mtu, ila dramu na maspika. Kibibi, mkata tiketi, alikuwa ameketi mlangoni, mikono mapajani.

"Wako wapi?" Issa aliuliza.

"Wameondoka na gari la Mtwara, wote." Kibibi alimkodolea macho Nikodemo kana kwamba ameona jini. "Wamempigia huyu asubuhi nzima, simu imezimwa. Wakasema, kama hata Niko aliyekuwa akitusihi tusihame ameshahama, sisi tunamsubiri nani?"