Nyongeza ya Mama

Mama alikuwa ameshika kalamu, tayari kutia saini mkataba wa kuuza nyumba yetu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu, una neno moja tu juu.

"Adendamu ndiyo nini, mwanangu?" akamuuliza wakili.

"Ni nyongeza tu, mama," wakili akajibu. "Ukiwa na jambo tulilosahau, linaandikwa hapo. Lina nguvu sawa na mengine."

"Sawa kabisa?"

"Kabisa."

Mama akafunika kalamu taratibu, mpaka kifuniko kikalia ta!

"Basi andika. Wifi yangu haoni, na kile chumba cha uani anakijua kwa kupapasa. Ataishi humo mpaka afe."

"Tulishamaliza mazungumzo, mama!" mnunuzi aling'aka. "Tia saini!"

Nilitamani kupiga vigelegele. Mama alikuwa ameshaikalia kalamu.