Usimfunike Uso

Elirehema alipoopolewa bwawani alikuwa baridi kama jiwe la mto, na alikwisha acha kutetemeka. Mkewe, Aikaeli, akamvua nguo zilizolowa, akamkumbatia kifua kwa kifua chini ya blanketi, nyuma ya pikapu iliyowapeleka hospitali.

Mama mkwe akaufunika uso wa mwanawe, taratibu, kama afunikaye chakula cha mgeni.

“Mwache, mwanangu. Amekwenda.”

“Amepoa tu, Mama.” Aikaeli akaufunua. “Akianza kutetemeka tena, yuko hai.”

“Barabara hii hutetemesha hata maiti.” Mama akaufunika tena.

Mlangoni pa hospitali dereva akazima gari. Mkono wa mama mkwe ukaganda juu ya upindo wa blanketi. Blanketi lilikuwa bado linatetemeka, na Aikaeli hakujua ni mwili upi unaolitikisa.