Kifudifudi

Wachimba kaburi walimlaza Shemweta kifudifudi. Ndivyo mji ulivyowazika wote waliokufa kwa tauni ya magome, iliyogeuza ngozi ya uso kuwa ganda la mti, ili miezi miwili ya angani isiwaone.

Mama yake akarukia shimoni.

"Mama Shemweta, toka humo!" mkuu wa mji alifoka. "Utatuletea balaa!"

"Balaa ni nyinyi! Alipokuwa akiwachimbia visima, uso wake haukumchukiza mtu!"

Akamshika mwanawe mabegani, akamgeuza chali, akamfunua sanda.

"Haya, mfukieni huku anawatazama."

Hakuna aliyeinua koleo. Kwenye gome la shavu lilikuwa limechipua jani moja bichi, likitikisika kila mara mama alipohema.