Alama Kumi na Moja za Kisanduku cha Bethan

"Kumi na moja kwa mia!" Craig Threlfall alikibwaga kisanduku cha mwaloni kwenye meza ya karakana. "Hayo ni macho, mwalimu, au vifungo vya koti?"

Mwalimu Dunkerley aliinama, akapitisha ukucha kwenye pembe ya kisanduku, akaguna.

Mkuu wa shule, Bwana Okell, alisimama kando akijifuta jasho. Threlfall ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule, na asubuhi ile Okell alimwambia Dunkerley bila kumung'unya maneno: huyu bwana akiondoka na malalamiko, wewe utaacha funguo za karakana mezani uende zako. Miaka kumi na tisa ya kufundisha Ubunifu na Teknolojia, na leo kibarua chake kinaning'inia kwenye kazi ya mtihani ya binti wa miaka kumi na sita!

"Viungo vimelegea," alisema Dunkerley.

"Vimelegea wapi, bibie? Nionyeshe!"

"Hapa. Na hapa. Aliyekata hivi alikuwa na haraka, au patasi yake butu."

Loh! Threlfall aliiva uso mpaka masikio. Nusu ya mji wa Burnley ina makabati ya jikoni aliyoyatengeneza yeye, na hajazoea kufundishwa habari za mbao na mwanamke aliyevaa aproni.

Bethan alimvuta mkono. "Baba, twende."

"Twende wapi? Unadhalilishwa mbele yangu, nami niondoke?"

"Baba, basi. Kumi na moja zinanitosha."

"Zinakutosha! Muhula mzima wa kazi, zinakutosha!"

Okell alikohoa. "Mwalimu Dunkerley, labda tukiongeza kidogo tu..."

"Siongezi hata nusu." Dunkerley alikigeuza kisanduku chini juu kama anayekagua samaki aliyeoza. "Tazama msasa ulivyopigwa. Gundi nayo imevuja. Pole, Bethan, lakini aliyetengeneza hiki hana mkono wa useremala. Leo hana, na hata akizeeka hatakuwa nao."

Maneno makali, na aliyasema taratibu, akimtazama baba mtu machoni. Bethan machozi yalimlengalenga.

"Baba, nakuomba. Twende nyumbani."

"Niache!" Threlfall alipiga meza, misumari ikaruka. "Hana mkono? Nina miaka thelathini na moja kwenye mbao, mimi! Wikendi tatu nimejifungia bandani na hiki kisanduku, kila kiungo nimekichonga kwa mkono, mashine sikuigusa, halafu wewe uniambie sijui kushika patasi?"

Bethan alijifunika uso kwa viganja.

Dunkerley alivuta kiti, akaketi, akafungua daftari la alama kwenye ukurasa mweupe.

"Umemsikia mwenyewe, Mkuu," alisema. "Zile kumi na moja zilikuwa chambo tu. Sasa naweza kuanza kusahihisha."