Mgeni Aliyekataa Maji

Chura ndiye aliyemwambia Bata kwanza: majirani wa mlimani hungoja mvua kubwa, kisha hutapisha vyoo vyao kwenye mfereji wa mtaa, ili uchafu uondoke na maji. Mfereji huo wa zamani ulikuwa na nyufa, nao ulipita kando ya kisima cha Bata. Mwanawe mdogo alikuwa anaharisha.

"Ila ni nani hasa, sijui," akasema Chura.

Mvua ilipokatika, Nguchiro wa mlimani alishuka kumpa Bata pole.

"Masikini, shoga yangu! Watoto wa siku hizi hula ovyo."

Bata alimkaribisha, akampa kikombe cha maji kama anavyopewa mgeni yeyote.

"Ahsante, leo nimefunga."

"Umefunga, na mchuzi uko kidevuni?"

Nguchiro alikiweka kikombe chini, akajifuta. Mtoto mgonjwa akajikokota, akainamisha mdomo anywe. Nguchiro aliruka, akakipiga kikombe teke.

"Asinywe hayo!"

Bata alimtazama. "Kisima ni changu. Wewe umeyajuaje maji yake, jirani?"

Nguchiro aliondoka ameufyata mkia.

Kulipokucha, Bata alichota ndoo ya maji ya kisima kile, akajitwika, akapanda mlimani. Alisimama kwenye mlango wa kwanza, kikombe mkononi.

"Hodi, jirani! Nimekuletea maji ya kunywa. Au nawe umefunga?"